Sonona ya mvuvi yadhaniwa usaliti katika ndoa za ufuo wa Luanda Kotieno

KATIKA ufuo wa Luanda Kotieno, kaunti ya Siaya, ambako feri huvukisha abiria hadi Mbita, ratiba ya ndoa nyingi hupangwa na mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki hao wadogo karibu na nyavu, na mbalamwezi inapoangaza wavuvi hubaki nchi kavu. Mume na mke wanaotegemea kazi hiyo hulala pamoja siku chache kwa mwezi, isipokuwa kati ya Aprili na Julai, kipindi ambacho serikali imekuwa ikifunga uvuvi wa omena ili wazaane.

Ni katika siku hizo ambapo mke hugundua kuwa mumewe amebadilika. Analala mchana kutwa hata pasipo kazi ya usiku, anasusia chakula, anafoka kwa jambo dogo, na kitandani humgeuzia mgongo.

Shutuma ya kwanza huwa ni mwanamke mwingine. Wala si shutuma isiyo na msingi. Biashara ya jaboya, ambapo mvuvi humuuzia mchuuzi samaki kwa sharti la ngono, inajulikana kote ziwani, na kaunti za Siaya, Homa Bay na Kisumu zimekuwa miongoni mwa zile zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi ya virusi vya ukimwi nchini. Katika mazingira hayo, mke ambaye hatakwi usiku hudhani kwamba hamu ya mumewe imemalizikia ufuo mwingine.

Mara nyingine huwa hivyo. Lakini maradhi ya sonona, ambayo wengi huyachukulia kuwa msongo wa mawazo wa kawaida, yana tabia hiyo hiyo. Huondoa raha katika yote yaliyompendeza mtu, na tendo la ndoa huwa kati ya mambo ya mwanzo kuathirika. Kwa wanaume, huzuni yenyewe huenda isionekane. Kinachoonekana ni hasira, chang'aa na kimya kirefu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa Wakenya wapatao milioni 1.9 walikuwa na sonona.

Kwa Mluo anayefuata mila, jambo hili halikomei chumbani. Desturi huwataka mume na mkewe mkubwa wakutane kimwili kabla ya mbegu kuingia ardhini, na vivyo hivyo katika hatua kadhaa za kuanzisha boma na kuoza watoto. Anayekiuka utaratibu huo huogopewa kuangukiwa na chira, laana ya kudhoofika. Familia nyingi zimeachana na masharti hayo kwa ajili ya kanisa, ila palipo na mama mkwe anayeyazingatia, mume asiyemkaribia mkewe huchelewesha shamba la ukoo mzima, na lawama humwangukia mke.

Mke huyo huyo ndiye mara nyingi anayenunua omena na kuwaanika. Mumewe asipokwenda ziwani, hukosa mapato na pia hukosa samaki wa bei nafuu, hivyo hulazimika kuomba kwa mashua za wanaume wengine. Hapo ndipo sonona ya mtu mmoja humsukuma mwenzake kwenye mlango wa jaboya.

Kwa miaka mingi sheria ilizidisha ukimya. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mke aliyesikia mumewe akitaja kifo alikuwa na sababu ya kutomweleza yeyote. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu hicho kinakiuka katiba. Kabla ya hapo, Juni 2022, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametia saini marekebisho ya sheria ya afya ya akili yanayozipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo. Wajibu wa karatasini, hata hivyo, hauvuki ziwa wenyewe.

Hata anayefika hospitalini hukabiliwa na tatizo lisilosemwa waziwazi. Dawa kadhaa za sonona, fluoxetine ikiwa mojawapo, zinaweza kupunguza hamu au kuchelewesha kilele. Mgonjwa asiyeonywa hudhani ugonjwa umezidi, akaziacha ghafla bila kumweleza daktari, ilhali kipimo kingeweza kurekebishwa au dawa kubadilishwa. Mkewe aghalabu hayumo chumbani mazungumzo hayo yanapofanyika, ingawa yeye ndiye wa kwanza kuona matokeo.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda. Watafiti hawakuanza na jina la kizungu la ugonjwa. Waliwauliza wanakijiji, wakapewa majina mawili ya Kiganda, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia. Wenyeji wasio madaktari, waliofunzwa kwa wiki mbili, waliongoza vikundi vya wanaume na vya wanawake mbalimbali kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, asilimia 6.5 ya walioshiriki ndio waliobaki na sonona, ikilinganishwa na asilimia 54.7 katika vijiji ambavyo havikupata vikundi hivyo.

Kenya haikosi watu wa kufanya kazi hiyo. Mnamo Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba, mikoba yao ikiwa na vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Sonona haina kifaa. Hupimwa kwa maswali. Na katika boma la mvuvi maswali hayo yangefaa kuulizwa usiku wa mbalamwezi au kati ya Aprili na Julai, mume akiwa nyumbani, na mkewe naye aulizwe peke yake ameona nini.