Jembe la kusukuma lipimwe kwa mwili wa mama

Juma hili tunarudi kwenye kazi ambayo kila mmoja wetu anaijua kwa kiuno chake: kupalilia. Mpunga, karanga, bustani ya lengalenga pembeni ya kijito, vyote vinamngoja mama ainame. Mpini ni mfupi, mtoto yuko mgongoni, na jua likipanda mtu ananyoka kwa kushika magoti. Mpunga ulifika kwetu Maniema na waungwana katika karne ya 19. Hadi leo wengi wetu tunaupalilia kwa kuinama.

Mtu asituambie kwamba maumivu hayo ni uvivu. Kule California, Marekani, wafanyakazi wa mashamba walilazimishwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi. Walipeleka malalamiko ya migongo yao hadi mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1975 jembe lile likakatazwa. Sisi hatuna haja ya mahakama, maana mpini wa jembe letu tunaukata wenyewe. Hata kuongeza mpini urefu ni mwanzo mzuri.

Vikundi kadhaa vinauliza kuhusu jembe la kusukuma: gurudumu mbele, kisu nyuma yake, na mikono miwili kama ya toroli. Unatembea umesimama katikati ya mistari, kisu kinakata majani mabaya chini kidogo ya udongo. Majirani zetu wa Kenya, kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, walianza kutumia chombo cha kusukuma baada ya kupokea, mwaka 2009, namna ya kupanda iliyotoka Madagaska, ile ya Padri Henri de Laulanié. Lakini angalieni: chombo chao kina meno yanayozunguka, nacho ni cha matope. Mpunga wetu wa nchi kavu unataka kisu, si meno yale.

Tunasema haya kwa sababu tumeona jembe la kusukuma likilala ghalani, kuku wanataga juu yake. Waliolileta hawakuuliza nani atalisukuma. Mikono yake ilifika kifuani mwa mama mfupi, chuma chake kilikuwa kizito, na baada ya siku mbili wamama wakasema ni kitu cha wanaume. Hapana. Lilikatwa kwa kimo cha mwanaume, basi.

Kwa hiyo kabla ya pesa ya kikundi kwenda kwa fundi, chukueni kamba. Mama asimame wima, bila viatu, akunje kiwiko. Pimeni kutoka chini hadi kiwiko, kisha punguzeni upana wa kiganja. Hapo ndipo mkono wa jembe unapaswa kufika. Kwa wengi wetu itakuwa kati ya sentimita 85 na 95. Mkono ukiwa juu zaidi, unasukuma kwa mabega na shingo inakaza. Ukiwa chini zaidi, umerudi kuinama, na faida imekwisha. Kwa kuwa jembe moja litatumiwa na wengi, mwambieni fundi atoboe matundu matano kwenye chuma kinachoshika mikono, kila tundu sentimita tatu kutoka lenzake. Mama mrefu na mama mfupi watabadilishana kwa kufungua buloni moja. Fundi atasema ni kazi ya ziada. Msikubali, kila mtakalofanya baadaye linategemea matundu hayo.

Mahali pa kushikia pawe na unene ambao kidole gumba na kidole cha kati vinakutana. Mti ulainishwe kwa kipande cha chupa na kupakwa mawese, au ufungwe mpira wa ndani wa baiskeli. Viganja vikitoka malengelenge siku ya kwanza, siku ya pili hakuna atakayerudi.

Gurudumu la baiskeli iliyokufa linafaa kuliko kale kadogo ka chuma, kwa sababu gurudumu kubwa linapanda madongo bila kukwama. Ekseli ipakwe mafuta, na mchanga ufutwe kila jioni. Jembe linalolia linakula nguvu za mama.

Kisu ndicho wengi wanachosahau. Kinolewe kabla ya kwenda shambani, na tupa iende pamoja na maji ya kunywa. Kisiingie zaidi ya sentimita mbili au tatu. Kikizama, unalima, hupalilii tena, na mikono itakufa. Majani yakatwe yakiwa na majani mawili au matatu tu. Ukingoja yafike magotini hakuna gurudumu litakalokusaidia. Udongo uwe na unyevu kidogo, usiwe wa kunata. Na usilisukume mfululizo kama toroli yenye mzigo: piga hatua, sukuma kidogo, rudisha, piga hatua. Uzito wa mwili ndio unaosukuma, mikono inaongoza tu.

Kuna sharti moja ambalo wengine hawatalipenda. Jembe hili linataka mistari. Mpunga uliomwagwa ovyo haupaliliwi kwa gurudumu. Funga kamba kwenye vijiti viwili, acha nafasi ambayo kisu kinapita na kubakiza vidole vinne kila upande wa mmea. Siku ya kupanda ni ndefu zaidi, tunakubali. Na kwenye shamba jipya la msituni, lenye visiki na mizizi, liacheni nyumbani. Huko jembe la mpini mrefu linatosha. Tungeanza na bustani na karanga, ndipo mpunga.

Mtoto asifungwe mgongoni wakati wa kusukuma, maana mwili unayumba mbele na nyuma. Ashikwe na mwenzako kivulini, mkipokezana. Msimpe kazi hiyo binti wa shule, kwa kuwa tunatafuta jembe hili pia ili mabinti wasitolewe darasani wakati wa palizi. Mama mwenye mimba akisikia maumivu chini ya tumbo aache, hata kama mstari umebaki nusu.

Na lindeni daftari la zamu. Kitu kikianza kuitwa mashine, wababa hukipenda ghafla. Wakikiazima, kirudi kikiwa kimenolewa.

Wanaotaka jembe liwe tayari kabla ya mvua za Septemba waandike kwenye karatasi kipimo cha kiwiko cha kila mwanachama, kifupi hadi kirefu, waende nacho kwa fundi. Walipe nusu tu. Nusu nyingine atapokea mama mfupi kuliko wote akishalisukuma mistari mitatu mbele yake.