Semina za "mahusiano mema" ni kiini macho: Mfanyakazi afundishwe sheria, si utii

NDUGU msomaji, kama wewe ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, iwe kiwandani, hospitalini, bandarini au kwenye shamba la mkonge, mchezo huu unaujua. Barua inakuja kutoka kwa afisa utumishi: kuna semina ya kuboresha mahusiano kati ya menejimenti na chama cha wafanyakazi. Ukumbi ni wa hoteli. Saa nne chai na sambusa, saa saba wali kuku, jioni bahasha ya kaki. Mgeni rasmi anafungua, mgeni rasmi mwingine anafunga. Katikati anasimama mtoa mada anayewaambia kwamba kazini ni kama nyumbani, mwajiri ni baba, na watoto wenye adabu hawampigii baba kelele. Mnapiga makofi, mnapiga picha ya pamoja, mnatawanyika. Jumatatu malipo ya saa za ziada hayapo, kama yalivyokuwa hayapo Ijumaa.

Semina ya namna hiyo si mafunzo. Ni dawa ya usingizi.

Asinielewe vibaya mtu. Sipingi mafunzo. Nayataka kuliko wanavyoyataka wao. Mahali ambapo bosi na wafanyakazi hawajui kuzungumza, kila mtu anaumia: mashine zinasimama, kesi zinarundikana, na anayejua kazi anaondoka. Ninachouliza ni hiki: anafundishwa nani, anafundishwa nini, na kwa faida ya nani?

Tumefundishwa utii tangu zamani

Tukumbushane historia, maana wenzetu wanapenda tuisahau. Mwaka 1955 liliundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL. Halikuwa la mtu. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Uhuru ukaja, na mwaka 1962 ikatungwa sheria ya migogoro ya kazi iliyofanya mgomo halali uwe kama haupo. Januari 1964 jeshi likaasi, viongozi wa wafanyakazi wakakamatwa, TFL ikavunjwa na NUTA ikaundwa kwa sheria ya Bunge. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huo huo alikuwa Waziri wa Kazi. Yaani waziri akitaka kubishana na chama cha wafanyakazi, alijitazama kwenye kioo.

Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ukaleta mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Yalikuwa ya kushauri tu, kisu kikabaki kwa wakubwa. Mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, na kifungu cha 15 kikakemea viongozi wenye kiburi na dharau. Wafanyakazi waliamini. Walianza kuwafungia nje mameneja waliowatukana, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mwenye kiwanda wakaendesha kazi wenyewe. Migomo ilipozidi, dola ilijibu kwa polisi na barua za kufukuzwa kazi.

NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, jumuiya ya chama tawala. Mwaka 1986 wafanyakazi wa sukari Kilombero walipodai haki yao, FFU walifyatua risasi na watu wakafa. Hapo ndipo ulipofika mtindo wa "sisi sote ni familia moja". Baba alikuwa na bunduki.

OTTU ilikuja mwaka 1991, na baadaye vyama vya leo vilivyo chini ya TUCTA. Majina yamebadilika mara nyingi kuliko tabia.

Sheria ipo, imefungiwa kabatini

Sasa sikiliza jambo ambalo mtoa mada wa hotelini hakukwambia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 62, inawapa wanachama haki ya kuwa na wawakilishi mahali pa kazi. Inataja na kazi zao: kumtetea mwenzao katika malalamiko na mashauri ya nidhamu, kufuatilia kama mwajiri anatii sheria za kazi, kushauriana naye juu ya tija, kusimamia afya na usalama. Na ndiyo, imo pia kazi ya kukuza mahusiano mema. Lakini imo pamoja na hizo nyingine! Wakubwa wamenyofoa hiyo moja wakaifanyia semina, hizo nyingine wamezikalia.

Kifungu cha 63 kinamtaka mwajiri awape wawakilishi hao likizo yenye malipo, ya muda unaofaa, wakahudhurie mafunzo yanayohusu kazi zao. Si hisani. Si zawadi ya kijana mtiifu. Ni wajibu. Kifungu cha 70 kinamtaka mwajiri atoe taarifa zinazohitajika ili chama kiweze kujadiliana naye. Kifungu cha 38 kinasema kabla ya kupunguza watu, mwajiri atoe notisi, aeleze sababu, ashauriane.

Hapa ndipo penye mkate wako. Fikiria menejimenti inataka kupunguza watu. Mwakilishi ambaye hakufundishwa anaitwa mkutanoni, anasomewa majina, anapewa soda na karatasi ya mahudhurio. Anasaini. Siku kesi inapofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi ile ile inatolewa kuwa ushahidi kwamba chama kilishirikishwa. Mwakilishi aliyefundishwa angeuliza kwanza: hesabu za kampuni ziko wapi? Njia nyingine mmezijaribu? Mmetumia kigezo gani kuchagua majina? Kusaini kungekuja mwisho.

Au chukua anayefukuzwa kazi. Sheria inampa siku 30 kupeleka lalamiko la kuachishwa isivyo haki mbele ya Tume. Asiyejua anapiga magoti wiki sita kwa afisa utumishi, anaambiwa "njoo kesho, mzee hayupo". Siku ya 31 mlango unaanza kufungwa, na kuufungua tena lazima aombe na aeleze kwa nini alichelewa. Watoto wake wanarudishwa shule kwa sababu baba hakujua namba moja tu: 30. Semina ngapi zimemfundisha namba hiyo?

Sheria yenyewe ilipotungwa iliandikwa kwa Kiingereza. Mpaka mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kwa miaka kumi na saba mwenye mashine alitakiwa atii kitabu alichokuwa hasomewi.

Watasema mfanyakazi wa kawaida hawezi kuelewa sheria wala mizania ya kampuni. Huo ni uongo wa wanaotaka tubaki gizani. Mimi niliishia kidato cha nne, na vifungu nilivyovitaja nimevisoma mwenyewe. Mama anayeendesha mchezo wa upatu wa watu ishirini bila daftari kupotea shilingi hashindwi kusoma faida na hasara. Anachonyimwa ni karatasi.

Meneja naye akae darasani

Jambo jingine: kwa nini mwanafunzi ni mfanyakazi peke yake? Mbona bosi anafungua semina kisha anaondoka na dereva wake? Anayehitaji kufundishwa kwamba matusi si uongozi ni nani? Anayeita kila swali uchochezi ni nani?

Na mwajiri mkubwa kuliko wote, serikali, naye ana la kujifunza. Mwaka 2010 TUCTA ilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutangaza mgomo wa Mei 5. Rais Kikwete, badala ya kumaliza hoja mezani, aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam akasema serikali haina uwezo huo, na kwamba yuko tayari kuzikosa kura za wafanyakazi. Mgomo haukufanyika. Kama Ikulu inajadiliana kwa hotuba, meneja wa kiwanda atajifunza kwa nani?

Wenzetu hawabahatishi. Ujerumani, sheria ya 1972 inampa mjumbe wa baraza la wafanyakazi haki ya kwenda kozi anayoihitaji kwa kazi yake, na mwajiri analipa gharama. Viwanda vyao havikufa kwa hilo.

Nanyi viongozi wa vyama vyetu msijifiche. Makato ya mwanachama yanaingia kila mwezi, hata asiye mwanachama anakatwa ada ya uwakala penye makubaliano hayo. Mwaka mzima anachokiona ni fulana na kofia ya Mei Mosi. Fulana haimtetei mtu mbele ya Tume. Gawa fedha hizo zifundishe wawakilishi wa tawi.

Kwa hiyo, msomaji, ukiletewa tena barua ya semina, usiikatae. Nenda, lakini nenda na masharti. Ifanyike kazini au karibu na kazini, ndani ya saa za kazi, kwa Kiswahili. Meneja akae mwanzo hadi mwisho. Mwalimu achaguliwe na pande zote mbili, si rafiki wa mkurugenzi. Nakala ya sheria na ya mkataba wa hali bora igawiwe kwa kila mshiriki. Na siku ya mwisho yaandikwe madai matatu yatakayotekelezwa, na tarehe zake, yasainiwe.

Wakikataa masharti hayo, utakuwa umeshajua walichokuitia. Mahusiano mema ni ya watu wawili wanaojuana nguvu zao. Mmoja akijua na mwingine asijue, hayo si mahusiano, ni mpanda farasi na farasi. Dai kifungu cha 63. Wakikuuliza nani kakwambia, waambie umesoma gazetini.