Shida Yako Si Laptopu, Ni Skrini

Kuna mazungumzo nimeyasikia Wote, nikayasikia tena Kitui mjini. Mtu analalamika kwamba laptopu yake imezeeka na anataka kuweka pesa anunue nyingine kubwa. Ukimuuliza hii aliyo nayo inashindwa na nini, anakujibu, "Nikifanya hesabu za Till nachanganyikiwa."

Kwa maoni yangu, hapo laptopu inasingiziwa. Mashine inayofungua PDF na Excel bila kuganda inatosha kabisa kwa hesabu za duka. Kinachokosekana ni nafasi ya kuona vitu viwili kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo unaweza kuipata kwa pesa kidogo kuliko bei ya laptopu mpya. Kuna monita ndogo za kubeba, nyembamba kama daftari la shule, ambazo unachomeka kwa laptopu yako na kusimamisha kando yake. Nyingi hazifiki kilo moja.

Najua inavyosikika: kitu cha vijana wa Nairobi wanaoandika programu huku wakinywa kahawa ya bei. Mimi nilisomea masoko, kwa hivyo tangazo likiniambia kifaa kitabadilisha maisha yangu huwa naanza kwa kushuku. Lakini hiki nadhani kinawafaa watu wa ndengu na maembe kuliko hata hao wa kahawa.

Chukua mtu anayenunua ndengu kwa wakulima wa Kitui wakati wa mavuno, mwanzoni mwa mwaka. Anawalipa wakulima kwa simu, na wanunuzi wake wanamlipa kwa Till. Jioni ana faili mbili mbele yake. Moja ni taarifa ya miamala, ile stetimenti ya PDF. Nyingine ni orodha yake ya nani alileta kilo ngapi. Kinachounganisha hizo mbili ni msimbo wa muamala, na msimbo wa M-Pesa una herufi na tarakimu 10 zilizochanganywa bila mpangilio unaoweza kuukariri. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala iliyopata umaarufu akisema akili hushika vitu kama saba hivi kwa muda mfupi, vikizidi au kupungua viwili. Sasa wewe unabonyeza Alt na Tab, faili moja inajificha, nyingine inatokea, na umebeba vitu 10 kichwani. Ukifika huko umeshasahau kama ilikuwa B au 8. Unarudi kuangalia. Fanya hivyo mara mia kwa jioni moja, kisha uniambie kama shida ni umri wa laptopu.

Na kosa hapa halibaki kwenye karatasi. Ukambani orodha moja inaweza kuwa na akina Mutua wanne. Ukimwekea alama ya "amelipwa" Mutua asiye yeye, kuna mkulima atasubiri pesa yake wiki nzima huku mwingine akilipwa mara mbili. Aliyelipwa mara mbili huenda akarudisha. Aliyesubiri, msimu ujao atauzia mtu mwingine, na atawaambia majirani kwa nini.

Faili zikikaa kando kwa kando, macho ndiyo yanasafiri. Akili haibebi chochote. Msimbo huu, msimbo ule, unalinganisha na kuendelea. Hapo ndipo pia unagundua ujumbe feki wa malipo: mteja alikuonyesha SMS, uliandika msimbo, lakini ukitafuta kwenye stetimenti haupo. Heri ujue jioni hiyo hiyo kabla gunia la pili halijatoka. (Heri zaidi kuangalia salio la Till kabla ya kutoa gunia la kwanza, lakini siku ya soko tunajua vile huwa.) Wanaotoa ankara za eTIMS kwa KRA nao wako kwenye kazi ile ile ya kulinganisha, malipo upande mmoja na ankara upande mwingine.

Kwa nini ya kubeba, na si monita kubwa ya mezani ambayo ukitafuta vizuri unaipata ya mtumba kwa bei nafuu? Sababu yangu kubwa ni stima. Monita ya mezani inataka soketi, na stima ikipotea inazima hata kama laptopu yako ina chaji. Ya kubeba hula umeme kidogo na inaweza kuuchukua kutoka kwa laptopu yenyewe kupitia waya wa USB-C, au kutoka kwa pawabanki. Laptopu itaisha chaji haraka zaidi, hilo likubali tu, na upunguze mwangaza. Lakini utamaliza hesabu. Tena mweka hazina wa chama anaweza kuibeba kwenye mkoba hadi mkutanoni, wanachama wakajionea michango yao badala ya kusomewa.

Pale watu huumia ni kwenye tundu. Laptopu nyingi huku kwetu ni zile zilizotumika ng'ambo, na si kila moja itakubali monita hizi moja kwa moja. Ukiwa na tundu la USB-C, uliza kama linatoa picha, kwa sababu mengine ni ya chaji na faili pekee. Ukiwa na HDMI, utahitaji waya wa picha na mwingine wa umeme. ThinkPad T450, kwa mfano, ina VGA na DisplayPort ndogo, haina HDMI, kwa hivyo utaongeza adapta. Piga picha pande zote mbili za laptopu yako na umtumie muuzaji kabla hamjaongea bei.

Na kabla ya kununua chochote, jaribu bure. Televisheni ya nyumbani yenye HDMI ni skrini ya pili tosha kwa wiki moja ya majaribio. Tableti ya Android pia inaweza kugeuzwa skrini kwa programu ya spacedesk, mradi iwe kwenye mtandao mmoja na laptopu. Ukiona baada ya wiki hiyo bado unafungua faili moja tu, basi wewe huihitaji, weka pesa yako. Mtu mwenye miamala kumi kwa siku ataimaliza kwa simu na daftari la karatasi, na hakuna aibu.

Ukiamua kununua, nunua kwa faida uliyokwisha kuipata. Usichukue Fuliza kwa kifaa. Fuliza hutoza kila siku deni linapokaa, na monita haitaanza kukuingizia pesa kesho asubuhi ili ilipe hilo deni. Ni bora kutenga kidogo kidogo kila wiki hadi pesa itimie.

Mzigo ukitoka Nairobi kuja Kitui au Wote kwa matatu, muuzaji mara nyingi atataka ulipe kwanza. Mwombe mlipane ukishaiwasha, hata kama utaongeza kidogo ya usafiri. Akikataa kabisa, angalau ulipe kwa Till yenye jina la duka, na usome hilo jina kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Ukiambiwa "tuma kwa hii laini ya kijana wangu, Till ina shida leo," ngoja hiyo shida iishe. Na kama umetuma M-Pesa kwa namba ambayo si yenyewe, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajatoa pesa.

Jambo la mwisho ni kwa wenye maduka wanaotaka kugeuza skrini hiyo imwelekee mteja ili aone bei. Ni wazo zuri, lakini bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na uchague "Extend". Ukichagua "Duplicate", mteja anaona kila kitu unachoona wewe: salio la Till, majina na namba za wateja wengine, na ile OTP inayojitokeza pembeni kama umeunganisha ujumbe wa simu na laptopu. Zima hizo arifa kabisa unapokuwa kaunta.