Kabla Hamjarudi Mjini, Kaeni Kikao

Wananchi wenzangu, mizigo imeshafungwa?

Wiki hizi za mwisho wa Desemba, pale stendi ya Magufuli, Mbezi, hakuna pa kukanyaga. Kuna wa Bukoba, kuna wa Songea na wa Mbeya, na kuna ndugu zetu wa Rombo, Machame na Marangu, ambao nchi nzima huwatania kwamba wakishaondoka, Dar es Salaam inapumua. Wengine watakwenda Moshi kwa treni, ile iliyorudi relini Desemba 2019 baada ya kimya cha zaidi ya miaka 20. Wa Dodoma nao tangu 2024 wana treni yao ya umeme. Na Waislamu wamo humo humo safarini, maana shule zimefungwa, na likizo haiulizi mtu dini yake.

Safari njema, ndugu zangu. Dereva, penye makazi ya watu ni 50, na basi lisizidi 80 hata kama barabara ni nyeupe. Nawe abiria, ukiona mwendo umezidi, kwa nini unyamaze? Sema kwa heshima, lakini sema.

Mkishafika salama, nina ombi moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kabla hamjarudi mjini, kaeni kikao cha familia. Kimoja tu.

Kwa nini kikao? Kwa sababu maazimio ya mwaka mpya tumezoea kuyafanya kila mtu kivyake, usiku wa tarehe 31, fataki zikilia. Mwaka huu nitaweka akiba. Mwaka huu nitapunguza bia. Mwaka huu lazima nijenge. Ni maneno mazuri, na ninaamini yanatoka moyoni. Lakini nani ameyasikia? Nani atakuuliza mwezi wa nne umefikia wapi? Na hiyo nyumba utaijenga wapi, ikiwa wewe na kaka yako hamjaelewana mpaka wa shamba la baba?

Wenzetu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wana mwaka wao unaoingia mwezi wa saba, wanauita Mwaka Kogwa. Kabla ya ngoma na pilau, wanaume huingia uwanjani wakachapana kwa mabua ya migomba, na mwenye kinyongo cha mwaka uliopita anakimalizia pale pale. Mbali na huko, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mtu aliyekosana na ndugu yake humpelekea jani la sale kuomba msamaha, na aliyeletewa jani hilo ni vigumu sana akatae. Cha kufurahisha ni kwamba sale hilo hilo ndilo linalopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la familia. Mmea unaowatenganisha majirani ndio unaowapatanisha. Wazee wetu walikuwa na akili.

Sisemi mchapane. Nasema tu kwamba wote hawa, pwani na mlimani, walianza na kumaliza ya zamani ndipo wakatazama ya mbele.

Basi kikao chenu nacho kianze hapo. Nani hasemi na nani? Ilikuwaje ile hela ya msiba wa babu? Mkubwa wenu na atangulie kusema "nisameheni," kwa sababu mdogo humwia rahisi kufuata. Kifanyike asubuhi, kila mtu akiwa ameshakunywa chai. Kikao cha jioni, mbege ikishazunguka, mimi sikiiti kikao.

Nani azungumze kwanza baada ya hapo? Mimi ningempa yule aliyebaki nyumbani.

Kila familia inaye. Ni yule dada au mdogo wetu ambaye hakwenda mjini, au alikwenda akarudi. Sisi tunatuma hela kwa simu mwisho wa mwezi, tunajiona tumetimiza, na kweli tumesaidia. Lakini yeye ndiye anayejua paa linavuja wapi. Ndiye anayesikia mama akikohoa usiku. Ndiye anayekwenda kwenye kila mkutano wa kijiji na kila mazishi kwa niaba yetu sote. Umewahi kumuuliza anachoka na nini? Mwacheni aseme mpaka amalize, asikatizwe na mwenye gari.

Mtasikia mambo ambayo hayapo kwenye simu, na la kwanza huwa ni afya ya wazee. Mama ukimpigia atakwambia yuko sawa tu, anamshukuru Mungu. Hataki uhangaike. Sasa uko naye, mtazame. Dawa zake zipo, au vikopo vimebaki vitupu? Kliniki anapelekwa na nani? Mwenye uwezo aje na mashine ya kupima presha, ile ya kufunga mkononi, ipimwe nyumba nzima, vijana wakiwemo, kwa sababu presha inaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma popote. Ukiona namba zinafika 140 kwa 90 au zaidi, msishtuke wala msipuuze. Mpumzike, mpime tena, kisha mkapate ushauri zahanati. Na hili mlifanye kabla ya kisusio na nyama choma, siyo baada.

Hapo mgawane kazi. Mmoja alipe dawa, mwingine asindikize kliniki, wa tatu apige simu kila Jumapili. Azimio la namna hiyo halimwelemei mtu mmoja.

La shamba ndilo tunaloliogopa zaidi, ndiyo maana nakaa nalo kidogo. Baba akiwa hai, anatembea na fimbo yake, ni nani atakayetaka kumuuliza habari za mirathi? Tunaona ni kumwombea kifo. Lakini hebu fikirini, ni kesi ngapi za ardhi mnazozifahamu pale kijijini ambazo zingekwisha kwa neno moja la mzee aliyekwishazikwa? Muulizeni kwa upole: "Baba, wewe ungependa iweje?" Wazee wengi wanalo jibu, na wengine wamelisubiri swali hilo kwa muda mrefu.

Mabinti walioolewa waitwe, nao wasikilizwe. Sheria za ardhi za 1999 zinatambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka huo huo inaruhusu familia kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Mzee akiamua kuandika wosia, RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaupokea na kuutunza, na ana ruhusa ya kuubadilisha maadamu yu hai. Kwa Waislamu, shekhe atawaelekeza kuhusu mafungu ya warithi na ile theluthi inayoweza kuusiwa. Si lazima yote yaishe mwaka huu. Mkitoka kikaoni mnajua mpaka uko wapi, na mmeutembelea kwa miguu mkiwa na watoto wenu, mmefanya kazi kubwa.

Tena watoto. Wangapi hapo nyumbani hawana cheti cha kuzaliwa? Leo hakionekani kuwa na kazi. Siku kijana atakapotaka kitambulisho cha taifa, au mkopo wa elimu ya juu, mtakitafuta mbio mbio. Likizo ina siku za kazi pia, ofisi ziko wazi, nendeni mkaulize.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, mmeshaambiwa sana. Tangu 2016 ada ya shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne, imeondolewa, lakini sare, viatu na madaftari bado vinatusubiri Januari. Hela hiyo itengwe kabla mbuzi hajanunuliwa. Ndafu mdogo kidogo hajawahi kuharibu sikukuu ya mtu.

Kuna wengine ambao hawatasafiri, na nisingependa tuwasahau. Nesi yuko zamu. Mlinzi yuko getini. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani naye ana kwao, ana mama anayehesabu siku. Sheria ya kazi ya 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mshahara maradufu kwa saa hizo, na likizo ya mwaka ni siku 28. Najua wengi wenu mnatoa hata zaidi ya hapo. Je, mnaonaje kama mwaka huu mngekaa na dada mkapanga, kabla yeye hajaomba, ni lini ataenda kwao, na nauli itatoka wapi?

Na wewe uliyebaki mjini kwa sababu ya nauli, au kwa sababu ya kazi, usione aibu. Kikao kinaweza kukupigia simu ukakaa nacho kwa mbali. Kisha mtazame jirani yako ambaye mlango wake uko kimya tarehe 25. Kule Makunduchi, siku ya Mwaka, mwenye nyumba hufurahi akipata mgeni wa kula naye. Sisi nasi tunashindwa nini kuongeza sahani moja?

Mkimaliza kuongea, andikeni. Daftari la kawaida la shule linatosha. Msiandike mambo 20, andikeni matatu au manne, kila moja na jina la atakayelifanya. Mwandishi awe mjukuu wa darasa la sita au la saba mwenye mwandiko mzuri, asome kwa sauti mbele ya babu na bibi. Watu wazima wakishasomewa ahadi zao na mtoto, huzikumbuka. Daftari libaki nyumbani, picha ya ukurasa huo iende kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo mwaka mzima limekuwa likipokea picha za maua na salamu za asubuhi tu.

Tarehe ya kuulizana iwekwe siku hiyo hiyo. Wengine watasema Pasaka, wengine Idd, wengine shule zikifungwa mwezi wa sita. Chagueni inayowafaa. Haya, kwenu ninyi, nani atakuwa katibu?