Nyumbani "Tu"? Itoe Hiyo "Tu"

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara sita. Mara mbili kwa simu, mara tatu kwa meseji, mara moja dukani hapa Masimba nikinunua sabuni ya kipande. "Kwani uko nyumbani tu?"

Angalieni hilo swali vizuri, wasee. Mtu akiniuliza "uko nyumbani?" nitamjibu ndiyo, niko, karibu chai. Shida yangu ni hizo herufi mbili za mwisho. Hiyo "tu" imebeba mzigo kuliko boda ya Keroka siku ya soko. Inasema umefeli. Inasema wenzako wako Nairobi wanasukuma maisha na wewe umelala. Inasema ulienda chuo, karo ikakushinda mwaka wa pili, sasa ona.

Leo napigana na hiyo "tu". Na sipigani kwa sababu imeniuma, ingawa imeniuma. Napigana kwa sababu ni uongo, na ni uongo unaosaidia watu fulani.

Tuanze na hesabu. Wiki yangu ilikuwa ya kimya, hakuna harusi, hakuna matanga, hakuna mgeni. Ile wiki ambayo mtu wa mjini akiiona anasema hakuna kilichofanyika. Haya, sikia kilichofanyika.

Saa kumi na mbili asubuhi tuko kwa chai. Majani mawili na chipukizi, hiyo ndiyo kanuni, na vidole vinaijua kabla macho hayajaamka. Umefunga karatasi ya nailoni kiunoni lakini umande unakupata tu. Mchana unabeba gunia hadi kituo cha kununulia, halafu unangoja lori. Lori inasemekana inakuja saa nane. Wiki hii kuna siku ilifika saa mbili usiku, na majani yakikaa kwenye gunia yanashika joto, yanageuka rangi, karani anayakataa. Kwa hiyo hata kungoja kwenyewe ni kazi. Unayatoa, unayageuza, unayapepea, unayarudisha. Katikati ya hayo ng'ombe anataka nepia, mtungi unataka maji, nguo hazikauki, na kuni zimenyeshewa mpaka jikoni kila mtu analia kama aliyefiwa.

Mama yangu (kwa Ekegusii tunamwita baba, mkimaliza kucheka tuendelee) amefanya hayo kwa zaidi ya miaka ishirini. Fomu zikija za kuuliza kazi yake, anaandika "mama wa nyumbani". Mwenye kukusanya fomu anaandika hana kazi. Hana kazi! Mtu ambaye akiumwa siku mbili hii nyumba inasimama.

Na hili si jambo la kwetu peke yake. Shirika la takwimu la Kenya, KNBS, lilipima mwaka 2021 jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao. Wanawake wanatumia karibu mara tano ya muda ambao wanaume wanatumia kwenye kazi za nyumbani na kulea, zote bila malipo. Mara tano. Hiyo ndiyo kazi iliyojificha nyuma ya "tu".

Hata sisi vijana inatupiga tofauti. Kaka yangu akionekana nyumbani wiki nzima, anaitwa mvivu. Mimi nikionekana, naambiwa "angalau unasaidia mama." Tumechuna chai mstari mmoja, tumebeba gunia moja, huku na huku. Yake haionekani kwa sababu watu wanadhani alipaswa kuwa mahali pengine. Yangu haionekani kwa sababu wanadhani nilizaliwa kuifanya. Sote wawili tumeibiwa, kila mtu na mwizi wake.

Sasa, hiyo "tu" ilitoka wapi? Usidhani ni ya leo.

Waingereza waliwapiga Wagusii mwaka 1905, wakarudi tena 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa wao Northcote. Hiyo hadithi mnaijua, ama mnapaswa kuijua. Sehemu ambayo hatuisemi sana ni kilichofuata. Kodi. Na kodi yenyewe ilikuwa ya nini? Ya nyumba. Sijatunga, mkoloni wa Kenya alitoza kibanda. Una nyumba, lipa. Pesa huna, kwa sababu una wimbi na ng'ombe, na wimbi halipokelewi. Kwa hiyo toka nyumbani, nenda ukafanye kazi kwa Mzungu, upate za kulipia hiyo nyumba ambayo sasa huishi ndani yake.

Kisha ikaja kipande, sheria ya 1915, ikaanza kukaza miaka kama minne mitano baadaye. Mwanaume ananing'iniza karatasi zake shingoni kwenye kikopo cha chuma, na akiacha kazi bila sahihi ya mwajiri anakamatwa. Kuanzia miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yalifungua mashamba Kericho, na wanaume wa huku wakaenda kuchuna. Chai hiyo hiyo ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kulima kwake kama zao la biashara mpaka miaka ya 1950. Yaani kuchuna chai kwa Mzungu ilikuwa bidii. Kukaa kwako ilikuwa uvivu.

Na sheria nayo ikaandikwa hivyo. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi, kifungu cha 182, kichwa chake kinazungumzia watu wavivu na wakorofi. Uvivu na ukorofi kwenye sentensi moja, kama mapacha. Vijana wangapi wa mtaa wamelala seli kwa sababu walionekana wamekaa? Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika. Ilichukua muda mrefu hivyo kusema kwamba kukosa shughuli inayoonekana si hatia.

Kwa hiyo ukiniuliza "uko nyumbani tu?", jua unaongea kwa sauti ya nani. Ofisa wa kodi alikuwa na swali hilo hilo, tofauti ni kwamba yeye alikuja na askari.

Siku hizi askari hahitajiki. Tunajilinda wenyewe. Serikali ilipozindua mkopo wa simu Novemba 2022 iliuita Hustler Fund, na ulianzia shilingi 500. Mia tano! Na jina lake linakwambia ukizishindwa kuzizalisha, tatizo ni moyo wako, hukuhangaika vya kutosha. Halafu sisi wa kutengeneza video tunamalizia kazi. "Amka saa kumi alfajiri." "Ukilala, mwenzako anatengeneza pesa." Buda, mimi naamka saa kumi na moja na sijawahi kuona hizo pesa, nimeona umande. Kuna wengine nao wanakuja ushago siku mbili, wanapiga video jiko la nyanya, moshi unapanda vizuri, muziki laini nyuma, wanaandika "amani". Wakirudi mjini wanaacha masufuria. Nani aliosha? Hiyo amani ilioshwa na mtu.

Sasa nisikie mtu anasema, "Wewe unasifu umaskini." Hapana. Nasifu vitu vichache na najua majina yake.

Mvua ikipiga mabati saa nane mchana hadi hamsikizani, na hakuna wa kukutuma popote, hiyo ni raha. Chinsaga iliyochemshwa polepole na maziwa mpaka uchungu umepungua lakini haujaisha, na obokima ya wimbi imetoka motoni sasa hivi, hiyo ni raha. Avokado inaanguka yenyewe na unashindana nayo na kuku. Magokoro anasikiliza matangazo ya vifo redioni, na kila jina likitajwa anakwambia ni wa ukoo gani, alioa wapi na alikuwa na deni la nani. Hakuna filamu inayofikia hapo. Hizi raha sikuzipata kama zawadi ya kufanya kazi. Nilizipata kwa sababu nilikuwepo. Na mtu akikufundisha kuona aibu kwa kuwepo, amekunyang'anya hata zile za bure.

Na karaha zipo, sitazificha. Stima ilipotea Jumanne mchana ikarudi Alhamisi usiku. Nilichaji simu kwa kinyozi mwenye sola, shilingi ishirini, nikisimamia foleni na wazee. Network inashika ukiwa juu kabisa ya shamba, chini ya ule mti, na mvua ikija unachagua, video ama simu ikauke. Video ya dakika moja na nusu ilichukua usiku mzima kupanda, ikafika asilimia tisini ikafa. Asubuhi nikakuta meseji: "Mbona umenyamaza, umelala?"

Hapo ndipo nataka mkae na mimi kidogo, kwa sababu hapo ndipo hii "tu" inafanya kazi yake mbaya kabisa. Stima imepotea siku mbili unusu. Kuna watu wanalipwa mshahara ili isipotee. Lakini aliyeulizwa swali ni mimi. Lori imechelewa saa sita, na aliyekatwa ni mama, kwa kilo zilizokataliwa. Bonasi ya chai ikitangazwa, kila mwaka tunasikia wakulima wa mashariki mwa Bonde la Ufa wamepata zaidi kuliko sisi wa magharibi, na mkulima wa huku anaambiwa aongeze bidii kwa kuchuna. Kijana ameachia chuo kwa sababu ya karo, anaambiwa hakuwa na malengo. Mnaona mchezo? Kila kitu ambacho ni deni la mtu mwingine kinageuzwa kuwa uvivu wako. Ukikubali kwamba wewe ni mvivu, hutauliza lori iko wapi. Utakuwa na aibu sana hata kuinua mkono.

Kuna mwenye kusema pia, "Sawa, lakini raha hailipi bili." Kweli kabisa. Hata mimi nataka pesa. Nikipata kazi kesho, nzuri, napanda matatu. Kuondoka nyumbani si dhambi, wengi wa mnaosoma hapa mko mjini na mnatuma kitu kila mwezi, na bila nyinyi kuna nyumba hazingekula. Sipingani na kazi. Napinga tabia ya kuhesabu ile kazi yenye bosi na nauli peke yake, halafu zingine zote tunaziweka chini ya "tu". Na ninyi mlioko mjini, hiyo "tu" inawaumiza vilevile. Ndiyo inawafanya mkose kurudi mkifutwa kazi. Najua watu wanakula mara moja kwa siku kwenye chumba cha Pipeline, kodi ya miezi mitatu inawangoja, na kwao kuna ndizi zinaoza shambani. Hawarudi. Si kwamba wanapenda Nairobi hivyo. Wanaogopa lile swali la dukani. Mtu analala njaa kwa sababu ya herufi mbili. Hilo si jambo la mzaha.

Kwa hiyo nataka vitu vitatu, na vyote ni bure.

Ukikutana na kijana amerudi nyumbani, usimuulize "uko tu?" Muulize mmeamkaje, mnachuna lini, mama anaendeleaje. Akitaka kukuambia kilichomtoa mjini, atakuambia mwenyewe.

Ukiwa wewe ndiye umerudi, usijibu "niko tu". Hilo jibu tumelizoea mpaka linatoka lenyewe. Taja ulichofanya. "Nimechuna." "Nimemuogesha nyanya." "Nimelala, nilikuwa nimechoka." Yote ni majibu ya mtu mzima.

Na ukiwa kwenye baraza la chifu, ama mkutano wa kituo cha chai, ama popote pale watu wazima wanapowaambia vijana waache kukaa, simama uulize lori inafika saa ngapi. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Wakikwambia vijana ni wavivu, uliza tena, stima inarudi lini.

Kwetu asubuhi tunasalimiana "Bwakire". Kumekucha, basi. Haikuulizi umetengeneza shilingi ngapi tangu jana. Unaitikia "Bwakire", halafu kila mtu anaendelea na kazi yake, hata ile ambayo hakuna anayeiona.