Saa za Nyumbani Nazo ni Masomo



Juma lililopita, tulipokwisha kuhesabu fedha za AVEC, mwenzetu mmoja alibaki amekaa. Binti yake wa mwaka wa kwanza chuoni alikuwa amerudi na majibu ya muhula: masomo manne yamemshinda. Mama akasema, "Mtihani wa Serikali alipita vizuri. Sasa akili imekwenda wapi?" Alikuwa amekwisha kuwaza kumtoa chuoni, wauze makala pamoja sokoni.

Tulimwita binti, tukamwuliza kwa upole. Akajibu, "Mama zangu, akili iko. Saa ndizo hazipo." Anaamka saa kumi na moja, anachota maji, anapikia wadogo chai, kisha anatoka Mudzi-Pela kwa miguu. Jioni inamngoja sombe ya kutwanga, wadogo wa kuogesha, vyombo vya kuosha. Anafungua daftari saa nne usiku, usingizi umekwisha kumshika. Kaka yake, mwanafunzi pia, akirudi anakaa kitini na daftari lake.

Tulinyamaza. Kila mmoja wetu aliiona nyumba yake mwenyewe.

Mama, tujue jambo hili. Sisi tulizoea graduat ya miaka mitatu, kisha lisansi ya miaka miwili. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya inchi yetu vimeingia katika mpango wa LMD. Sasa lisansi ni miaka mitatu, mihula sita, na kila muhula una krediti 30. Jumla ni 180. Krediti moja inahesabiwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi. Si saa za kumsikiliza mwalimu tu; ndani yake mna saa za kusoma na kuandika peke yake. Piga hesabu: krediti 30 ni saa 750 kwa muhula mmoja. Basi binti akikaa nyumbani na karatasi zake, hakai bure. Yuko kazini.

Tena kuna neno la kutia moyo: krediti ambayo mtoto amekwisha kupata haipotei. Masomo manne yaliyomshinda si mwaka mzima uliokufa. Ni deni, na deni linalipwa.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tugawanye kazi za nyumba. Ndoo ya maji haiulizi kama anayeibeba ni mvulana au msichana.

Pili, tujue mapema tarehe ya kila sehemu ya malipo ya chuo. Wengi wetu tulikimbia mashamba ya Djugu na Irumu tangu vita vilipoanza tena mwisho wa 2017. Hatuna tena gunia la mihogo la kuuza siku chuo kinapodai. Afazali kuweka kidogo kila juma kuliko kutafuta deni usiku wa kuamkia mitihani.

Tatu, tubadilishe ulizo. Tusiseme tu, "Umepita?" Tuseme, "Mwanangu, umebakiza krediti ngapi, na utazifanya lini?" Mtoto akijua kwamba nyumbani wanahesabu pamoja naye, hafichi majibu.

Ine, tusilale karibu na mlango. Wako vijana waliomaliza masomo yote, lakini kazi ya kuandika ya mwisho haijatolewa, kwa sababu ya pesa ya kuchapisha. Miaka mitatu inakwama kwa karatasi. Fedha hiyo iwekwe tangu mwanzo wa mwaka wa mwisho.

Na wewe mwenye taa na meza, umkumbuke mtoto wa jamaa aliye kambini Kigonze. Katika hema hakuna mahali pa kufungua daftari. Umpe kiti jioni, hakikupunguzii unga.

Mwenzetu yule amekubali binti abaki chuoni. Kaka atachota maji, na mama mwenyewe atatwanga sombe. Binti amepewa saa mbili kila jioni, mlango umefungwa, hakuna wa kumwita. Alituambia, "Siku ya kwanza nilikaa nikisikiliza kama jina langu litaitwa." Halikuitwa. Akasoma.

Jioni hii, mama, jina la nani linaitwa kila mara nyumbani mwako?