Rafiki akikataa hela yako

Wiki hii nimebishana na watu watatu kuhusu jambo moja, na wote watatu wameniona mjinga. Kwa mdomo nilishindwa kujieleza, basi ngoja nijaribu kwa kuandika.

Nina rafiki yangu wa siku nyingi. Kidato cha tano na cha sita tulilala kitanda kimoja cha deka, yeye juu mimi chini, na chuo tukapanga chumba Sinza, tukala chipsi mayai sahani moja kwa sababu ya njaa wala si mapenzi. Septemba 2024 alikwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili. Kwa Malkia, kama tulivyozoea kusema, ingawa tangu 2022 ni kwa Mfalme na sijaona mtu aliyehangaika kubadilisha msemo.

Katikati ya Novemba tukawa tunaongea kwa simu, akateleza ulimi. Alisema anatembea dakika hamsini kurudi kutoka kazini usiku. Nikamuuliza basi hakuna? Akacheka. Basi lipo, nauli ndiyo anaibana. Nikamchimba kidogo, nikakuta kwamba pale kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi wamempunguzia zamu, na awamu ya pili ya ada ya chuo inasubiri.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimelipwa hela ya makala niliyoidai miezi minne (waandishi wenzangu mnajua hizo habari). Nikamwambia papo hapo: nakutumia laki sita. Kimya. Kisha akasema, "Asante mwandishi, lakini usitume."

Nikadhani ni adabu tu. Unajua sisi, hata ukikaribishwa chai lazima kwanza useme umeshiba. Nikarudia. Akakataa. Nikarudia mara ya tatu, akasema anawahi darasani, na kwao ilikuwa saa mbili usiku. Nikakasirika kweli, jamani. Wiki mbili sikumpigia.

Hao watu watatu ninaosema, wa kwanza alisema ni kiburi cha majuu: mtu akishapanda ndege hataki kuonekana anasaidiwa na aliyebaki Mwenge. Wa pili alisema tuma tu, atafanya nini, atairudisha? Wa tatu, huyu ni mtu mwema na ndiye aliyenipa shida zaidi, alishauri nimwambie ni mkopo, halafu nisiudai kamwe.

Kabla sijasema kwa nini wote nadhani wamekosea, tupige hesabu kidogo, maana tukisikia pauni akili hutuhama. Mwanafunzi wa kigeni kule haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mwaka ule kima cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Akipata zamu zote, hiyo ni pauni 228 na vichele kwa wiki. Kwa hesabu za Dar ni zaidi ya laki saba, na hapo ndipo mjomba anapoanza kuulizia hela ya bati. Kwa hesabu za huko, toa kodi ya chumba, chakula, nauli, uone kinachobaki. Alishalipia viza, na ada ya huduma ya afya ambayo Februari 2024 ilipanda hadi pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, ukiilipa yote kabla hujapanda ndege. Na akikwama, viza hiyo haimruhusu kudai ruzuku za serikali. Ile laki sita yangu, niliyoiona kubwa mpaka nikajisikia mfadhili, ilikuwa kama pauni 178. Haifiki mshahara wake wa wiki moja ya zamu kamili.

Lakini hakukataa kwa sababu ya udogo wake. Desemba alinitumia sauti ya dakika tisa. Mengi humo ni ya kwetu wawili, ila mambo mawili nimeruhusiwa kuyasema.

La kwanza ni mama yake. Kila mwisho wa mwezi anamtumia laki moja na nusu, Morogoro, na mama anajua mwanangu yuko vizuri. Mimi mama yule ni mama yangu pia, nikipita Morogoro siwezi kulala gesti. "Ukinitumia," akasema, "halafu mama akikuuliza naendeleaje, utamjibu nini? Na laki na nusu ya mwezi huo itakuwa ya nani?" Hapo nilikosa jibu na mpaka leo sina. Nilikuwa naona watu wawili, mimi na yeye. Yeye aliona msururu mzima: mama, wadogo zake, shangazi aliyeuza kiwanja ili nauli ipatikane. Ukitia hela mahali pamoja kwenye msururu, uongo unahamia mahali pengine.

La pili alilisema kwa sauti ya chini. Kwamba tangu aondoke, kila simu kutoka nyumbani ina kiasi ndani yake. Mchango wa sendoff, msiba, ada ya mtoto wa binamu. "Wewe tu ndiye hujawahi kuniomba, na mimi sijakuomba. Niachie hapo."

Nimelirudia hilo mara nyingi. Sisi Watanzania ni hodari wa kuchanga, na tunajisifia, na ni kweli harusi na misiba yetu ingelala chini bila michango. Lakini kila mchango una daftari. Zamani lilikuwa daftari kweli, la mistari, siku hizi ni orodha kwenye grupu la WhatsApp, jina, ahadi, alichotoa. Nikikuchangia elfu hamsini nawe ukanichangia ishirini, hakuna anayesema, ila wote wameona. Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, aliandika kuhusu zawadi miaka mia moja iliyopita akaeleza kwamba mtu analazimika kutoa, analazimika kupokea, na analazimika kurudisha. Bibi yangu angemcheka kwa kuhitaji chuo kizima kulijua hilo. Rafiki yangu alikuwa ameandikwa kwenye madaftari ya watu wote anaowafahamu, ikabaki kurasa moja tupu, na mimi ndiye niliyekuja na kalamu.

Ndiyo maana ule ushauri wa mkopo wa uongo nimeukataa. Ningekuwa namfanya mtoto. Amesema hapana, ana miaka thelathini, anajua hali ya mfuko wake kuliko mimi. Na niseme ukweli wa aibu: nilipokasirika zile wiki mbili, sikukasirika kwa sababu anatembea usiku. Nilikasirika kwa sababu nilinyimwa kushukuriwa. Mtu anayemwonea rafiki uchungu hampigii kimya wiki mbili mwezi Novemba kwenye baridi ile.

Sisemi hapana iheshimiwe hata mtu akiwa amelala njaa au mgonjwa. Hapo tuma, mgombane baadaye. Nilimuuliza hivyo hivyo waziwazi, unakula? Akanionyesha sufuria kwenye kamera, maharage. Tukayamaliza hapo. Alichotaka kwangu ni nisome tasnifu yake kabla ya kuiwasilisha, na nikapitisha mikesha mitatu juu ya kurasa zile. Hilo alilipokea bila kusitasita, na mimi nilikuwa nimelisahau kabisa kama ni msaada.

Zamu zilirudi mwaka 2025, akamaliza, yuko huko bado anabeba maboksi yake na cheti chake. Mwezi uliopita kuna jamaa alikuwa anasafiri, akaniomba nimpe jamaa huyo nusu kilo ya dagaa wa Kigoma. Nikanunua, nikafunga, nikapeleka mpaka Tabata. Jioni simu ikalia: elfu ishirini na tano imeingia kutoka kwake. Kidole kilishaanza kutafuta namna ya kuirudisha. Nikaiacha. Nikamwandikia, "Imefika. Bado elfu mbili ya bodaboda."

Akajibu, "Hiyo nidai nikirudi."